Kuzirudisha Hadithi kwa Mwenyewe: Siku Kumi na Moja Iqaluit na Pangnirtung

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Ottawa na daftari langu bado linanuka mafuta ya sili. Siku zingine niliandika kurasa nne, zingine mstari mmoja tu kwa sababu wino uliganda kalamuni. Nimezipanga upya nikisaidiwa na picha. Kama unakwenda upande huo wa Kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa ya Kanada, soma hasa sehemu za gharama na nguo. Kama huendi, soma kwa ajili ya bundi.

Kwanza nieleze kilichonipeleka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na hapa Ottawa nafanya kazi ya ukalimani, nikiwatafsiria zaidi Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Februari 2023 nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa hospitali nikisubiri mgonjwa wangu aitwe. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja mzee na bintiye. Wagonjwa wa Kisiwa cha Baffin wanaohitaji matibabu makubwa huletwa Ottawa kwa ndege, na yule binti alikuwa mkalimani kama mimi, wa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wa huko, ila siku hiyo mgonjwa wake alikuwa mamake mzazi. Tulisubiri saa tatu nzima. Mama akaanza kusimulia, binti akawa ananitafsiria kwa Kiingereza: bundi na kunguru walikuwa marafiki. Alipomaliza, nami nikawapa ya sungura. Tulipoagana tulikuwa tumebadilishana namba.

Kwa miaka miwili iliyofuata tulitafsiri hadithi kumi na moja za mama kwa Kiswahili, Jumapili kwa Jumapili, kwa simu. Rafiki yangu hataki jina lake liwekwe mtandaoni, kwa hiyo nitamwita Piqannara, yaani "rafiki yangu" kwa lugha yao.

Alhamisi, 3 Aprili 2025. Ottawa hadi Iqaluit

Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Tiketi ya kwenda na kurudi hadi Pangnirtung ilinigharimu dola za Kanada 3,100 na ushei, kama shilingi laki mbili na elfu themanini za Kenya. Niliidundulizia miezi kumi na minne. Hakuna njia ya bei rahisi: Nunavut, eneo la Wainuit ambalo Iqaluit na Pangnirtung zimo, ina makazi 25, na hakuna hata mawili yaliyounganishwa kwa barabara. Ni ndege tu, na meli za mizigo miezi ya kiangazi.

Begi moja lilikuwa la nguo, la pili la chakula: unga wa tui la nazi, iliki, hamira, tangawizi kavu, majani ya chai ya Kericho. Piqannara alikuwa ameniambia nisilete zawadi za maduka ya uwanja wa ndege, nilete vitu vya kupikia.

Safari ya saa tatu angani. Miti ikapungua, ikaisha, kisha ikawa nyeupe tupu na mawe meusi. Nilipotoka nje Iqaluit ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri na pua yangu ikashikana ndani nilipovuta pumzi.

Kwa wanaokuja: teksi za Iqaluit ni bei moja kwa kila kichwa popote uendapo mjini, na dereva huokota wengine njiani. Aliyezoea matatu hatashangaa. Usimtajie dereva jina la mtaa, mtajie namba ya jengo.

Ijumaa 4 hadi Jumapili 6. Tumekwama

Asubuhi ya Ijumaa tuliambiwa upepo wa Pangnirtung ni mkali. Uwanja wao ni mfupi, wa kokoto, uko katikati ya kijiji na milima imeubana, kwa hiyo rubani hajaribu bahati. Nikaenda kuswali Ijumaa kwenye msikiti wa Iqaluit, ambao ulifunguliwa 2016. Madereva wa teksi, wahandisi, Msomali mmoja aliyepata kuishi Eastleigh. Kusikia "habari ya asubuhi" mahali pale, nusura nilie.

Jioni dhoruba ya theluji ikaingia. Chumba cha hoteli kilikuwa zaidi ya dola 300 kwa usiku na nilikuwa nimejibana kwa usiku mmoja tu. Pale uwanjani mama mmoja wa Pangnirtung, aliyekwama kama mimi, aliniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomtajia mama wa Piqannara, akainua nyusi, akachukua begi langu moja akaanza kutembea. Hakusema neno. Nilimfuata hadi kwa dadake, nikalala sebuleni kwao siku tatu pamoja na watu wengine saba, na hakuna aliyekubali senti yangu. Walinipa palaugaaq, mkate wao wa kukaanga. Nilipoutafuna nikajua mahamri yangu hayatakuwa na kazi ngumu.

Siku hizo tatu zilikuwa kelele ya upepo, karata na chai. Weka akiba ya siku tatu kila upande wa safari yako, na ya fedha pia.

Jumatatu, 7 Aprili. Pangnirtung

Saa moja hewani, kisha ndege ikainama kati ya kuta za milima, ikashuka. Kijiji cha watu kama 1,500 kiko kando ya hori, kilomita kama 50 kusini ya Mstari wa Aktiki. Nasema hori kwa makusudi. Kwenye simu nilikuwa nikitapatapa kutafuta neno la mkono ule wa bahari unaoingia kati ya milima, kumbe neno nililo nalo tangu utotoni lilinitosha.

Piqannara alikuwa amesimama mlangoni na koti la kuniazima mkononi. Tulikumbatiana, hatukusema kitu. Miaka miwili tumesema sana.

Nyumbani mama alikuwa ameketi karibu na dirisha. "Tunngasugit," akanikaribisha, kisha akaniita panik, binti. Mjukuu wake wa miaka minne akapita mbio, na mama, mwenye miaka themanini, akamwita, "Anaana!" yaani "Mama!" Piqannara akataka kunieleza, nikamwambia haina haja. Mtoto amepewa jina la marehemu mama wa bibi yake. Kwetu nami nimeitwa "mama" na baba yangu mzazi tangu nizaliwe, kwa sababu hiyo hiyo. Mama aliposikia hayo kwa tafsiri aliniangalia kwa muda mrefu, akasogea, akanipisha nafasi kwenye kochi.

Chakula cha jioni kilikuwa iqalukpik, samaki wa huko, akiwa mbichi na ameganda. Wanakiita quaq. Kadibodi ilitandikwa sakafuni, tukaizunguka, kila mtu akikata kipande chake kwa ulu, kile kisu cha wanawake chenye umbo la mwezi mchanga. Ni kama sinia moja mkekani. Kulikuwa pia na nyama ya tuktu, kulungu wao. Niliwaeleza habari ya kuchinja na hakuna aliyenilazimisha. Maktaaq, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, nilikula. Mimi ni Shafii, cha baharini nakula. Ni kigumu, kinateleza, kisha kinaacha ladha kama ya karanga mbichi.

Jumanne 8 na Jumatano 9. Mezani

Hizi ndizo siku nilizozijia, na ndizo zenye picha chache zaidi.

Daftari tatu mezani: la mama, lenye herufi zao za silabi zilizokuja ghuba hii na mmisionari Edmund Peck, aliyefika 1894, la Piqannara, na langu. Mama alipitisha kidole juu ya Kiswahili changu, akauliza kama hizi ndizo herufi zetu za tangu zamani. Nikamwambia bibi yangu wa Lamu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua zake mpaka leo siwezi kuzisoma bila msaada. Piqannara akasema yeye barua za bibi yake anazisoma. Nilimwonea wivu, na nikamwambia hivyo.

Kuna mambo lugha zetu mbili zinakutana mlangoni bila kubisha hodi. Kiinuktitut hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, nasi hatuna. Tafsiri za Kiingereza hulazimika kuamua kama kunguru ni dume au jike. Sisi tunasema "alirukaruka" na kunguru anabaki kunguru. Halafu lile la kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: nilipomwandikia Piqannara "nitakapokutembelea", nikamkatia vipande vyake kimoja kimoja, alipiga meza kwa furaha.

Lakini kuna pale tulipokwama siku nzima. Wao wana iglunga, nyumba yake (ya mwingine), na igluni, nyumba yake mwenyewe. Sisi tuna "nyumba yake" tu. Katika hadithi ya Kaujjagjuk, yatima anayeteswa na kulazwa na mbwa kwenye kiingilio, nilikuwa nimeandika "akarudi nyumbani kwake". Mama aliposikia tafsiri akakunja pua. Hana nyumba, akasema. Uchungu wote wa hadithi ni kwamba hana nyumba. Nikafuta. Sasa inasomeka "akarudi kwa watu". Nilikuwa nimeipitia sentensi ile mara ishirini na sikuona kosa.

Na kile kukunja pua. Hapa lazima nikiri jambo. Miaka miwili ya simu, nilipomsomea mama kipande kupitia Piqannara na kuuliza "Ni sawa?", mara nyingi nilisikia kimya. Simu zetu zilikuwa za sauti tu, intaneti haikubeba picha. Nilikichukua kimya kile kuwa adhabu, nikawa naandika upya usiku kucha. Sasa nimeketi mbele yake, namwuliza, naye ananyamaza huku nyusi zimepanda juu. Piqannara alipoona nimeanza kufuta, akanishika mkono. "Unafanya nini? Amesema ndiyo." Kuinua nyusi ni ndiyo, kukunja pua ni hapana. Ndiyo zote zile zilikuwa zimepotelea kwenye waya. Hata yule mama wa uwanja wa ndege alikuwa amenijibu na mimi sikujua.

Niwaambie na ugomvi wetu, maana bila huo urafiki huu ungebaki wa kazi. Mwaka jana nilimtoa bundi kwenye hadithi ya kwanza. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hushtuka, humwita ndege wa uchawi na msiba, nikaona watoto wa Kisauni, Mombasa, hawatamkubali kuwa rafiki wa mtu. Nikamweka njiwa. Piqannara alisoma, akaniandikia mstari mmoja: "Umemfukuza rafiki kwenye hadithi yake." Hatukuongea wiki tatu. Nilijitetea moyoni kwamba mimi ndiye ninayewajua wasomaji wangu. Kisha nikakumbuka jinsi ninavyoumia mtu akiniuliza kama kwetu mahamri yanaweza kuitwa donati ili waelewe. Nikampigia. Nikamrudisha bundi, na mabawa yake meupe yenye madoa, na sikuandika hata neno moja la kumsafisha jina.

Taa ya mawe ya mafuta ya sili, qulliq, tumeiacha iwe qulliq, ila pale mwangaza unapotajwa mara ya kwanza nimeandika "ikiwaka kwa kutulia kama koroboi". Sedna, mama wa bahari, nilitaka kumwita nguva. Piqannara akaniuliza nguva ni nani; nikamwonyesha picha ya mnyama mpole anayekula majani ya baharini huko Lamu, anayekaribia kutoweka. Akamtazama kwa huruma, kisha akasema huyu hawezi kuwanyima watu chakula akikasirika. Jina limebaki Sedna.

Jumatano jioni nikapika mahamri na chai ya tangawizi. Unga na mafuta nilinunua dukani pale, na bei ya mafuta ilinifanya nisimame kwa muda mbele ya rafu. Mahamri hamsini yaliisha kabla ya mbaazi kukumbukwa na mtu yeyote. Jirani wawili wakaja wakiwa wamefuata harufu ya iliki.

Alhamisi, 10 Aprili. Barafuni

Kaka yake Piqannara alitupakia kwenye qamutiik, sleji ya mbao inayovutwa na pikipiki ya theluji. Nilivaa nguo tabaka tano pamoja na koti la kuazima, hijabu chini ya kofia ya kufuma niliyonunua kituo cha sanaa cha kijiji. Mtandio wa pamba ukilowa jasho huganda, kwa hiyo dada zangu, tafuteni wa sufu.

Kutoka ufukweni tu ilikuwa kazi. Maji ya ghuba hii hujaa na kupwa mita nyingi, barafu ya pwani hupandishwa na kushushwa kila siku mpaka inavunjika vipande vikubwa kama magari. Kaka akawa anaeleza kwamba siku za mwezi mpevu ndiyo mbaya zaidi. "Bamvua!" nikasema. Ilibidi nieleze, na nilipoeleza, mvuvi yule ambaye siku tatu hakuwa amenisemesha akasimamisha pikipiki akataka kujua maji ya Mombasa yanakupwa mpaka wapi, na tunavua nini yakikupwa. Nina maneno yote ya maji na sina hata moja la barafu. Yeye anayo yote mawili.

Tukiwa tumejikinga upepo na kikombe cha chai, Piqannara alinionyesha upande wa kilipokuwa kituo cha wavuvi wa nyangumi cha Kekerten. Mjerumani Franz Boas alikuja ghuba hii 1883, akakaa mwaka mzima, na 1888 alichapisha aliyosikia, hadithi ya bundi na kunguru ikiwamo. Nilimtajia mama habari hizo tuliporudi. Aliuliza swali moja: je, alirudi kuwasomea? Nikamwambia, mimi nimerudi.

Usiku huo mama alinionyesha kisahani kidogo cha ngozi ngumu chenye herufi E na namba. Kuanzia miaka ya 1940 serikali iliwapa Wainuit namba kwa sababu majina yao yaliwashinda makarani. Wengine walivaa shingoni. Nikamweleza kipande cha Kenya, kitambulisho cha enzi za mkoloni, ambacho babu yangu alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mama alikifunika kile kisahani kwa kiganja, akakirudisha kwenye droo.

Ijumaa, 11 Aprili. Kusoma

Walikuja watu kumi na wanne, viatu vikajaa mlangoni. Mama alisimulia kwanza kwa lugha yake, mimi nikafuata kwa Kiswahili. Niliwafundisha kuitika: nikisema "Paukwa", wajibu "Pakawa". Watoto walitaka tubaki hapo hapo.

Kisha nikasoma. Bundi na kunguru walikuwa marafiki sana. Kunguru akamtengenezea bundi vazi la madoa meusi na meupe. Bundi naye akamshonea kunguru viatu vya mfupa wa nyangumi, akaanza na vazi jeupe. Lakini kunguru akipimwa hatulii, anarukaruka. "Tulia, la sivyo nitakumwagia taa!" Hakutulia. Mafuta yakamwagika, na kunguru akaruka akilia, "Kwaa! Kwaa!"

Pale, kwenye kilio, chumba kizima kikacheka kwa pamoja, wasiojua neno la Kiswahili. Nilimtazama mama. Nyusi zilikuwa juu kabisa.

Wageni walipoondoka, tulitoka nje na Piqannara. Mwezi ulikaribia kujaa, na juu ya mlima mwangaza wa kijani ulikuwa ukijikunja na kujikunjua. Nilianza kupiga mluzi kwa mshangao, akaniziba mdomo kwa glavu yake. Hupigi mluzi, akasema, roho za mwangaza huo zitakushukia. Nikamwambia bibi yangu wa Lamu angempenda, maana mluzi wa usiku kwetu huita majini, na nimechapwa kwa ajili hiyo.

Jumapili, 13 Aprili. Kurudi

Ndege iliondoka kwa wakati, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mama alinipa glavu za ngozi ya sili. Nilikuwa nimesoma kabla ya safari kwamba nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, zinazuia bidhaa za sili, kwa hiyo ukipewa na unapitia huko, uliza mapema.

Hadithi ya kumi na mbili tumeshaianza, ya wale ndugu wawili waliogeuka jua na mwezi. Kiinuktitut kina umbo maalumu la wawili, mbali na la mmoja na la wengi, na Kiswahili changu kinaniletea "wao" tu. Halafu kuna ule mwangaza wenyewe. Wanauita aqsarniit, wacheza mpira, maana ni roho zinazocheza kwa fuvu la mnyama wa baharini. Nimejaribu "nuru ya kaskazini", Piqannara amekunja pua. Najua, kwa sababu sasa simu yake inaonyesha picha. Nimejaribu "wacheza mpira wa mbinguni". Jumapili iliyopita aliomba nimpe wiki moja alifikirie.